YAH: PAKETI TUPU HAINA BEI MIZANINI

Kwenu Waheshimiwa mliokabidhiwa mazingira, viwango vya bidhaa na serikali za mitaa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnunuzi wa plastiki, Vingunguti, Dar es Salaam. Mali yangu ni mizani ya kuning'iniza, maturubai mawili, na mashine ya kusaga ninayochangia na jirani. Wanaoniletea mzigo ni vijana, akina mama na wazee wawili watatu ambao makaratasi ya ofisini huwaita waokota taka na mtaa huwaita waokota makopo. Kila baada ya siku chache hutokea mgeni. Anafika na salfeti iliyojaa mpaka mdomoni, anaishusha mgongoni kwa fahari ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Naifungua. Ndani kuna paketi za sabuni ya unga, za biskuti, za krispi, za majani ya chai, nailoni za barafu, vifungashio vya sukari ya robo. Chupa hakuna hata moja.

"Hizi hazina bei, mwanangu."

"Kwani si plastiki, mama?"

"Ni plastiki."

"Sasa?"

Jibu lake ni refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo mnalo ninyi. Ndiyo maana nawaandikia.

Tokeni ofisini siku moja muufuate Mto Msimbazi kwa miguu, kutoka huku kwetu kushuka Kigogo mpaka Jangwani. Hamtakuta chupa ya maji iliyolala chini siku mbili. Chupa hapa mjini huokotwa aliyeinywa akiwa hajafuta mdomo. Chuma chakavu ndiyo kabisa, hicho huibwa kabla hakijachakaa. Kinacholala chini ni paketi: imenasa kwenye matete, imefukiwa nusu kwenye tope, imejibandika ukutani pale maji ya masika yaliyopita yalipoishia. Kila mtu anaikanyaga na kupita, hata mwokotaji mwenyewe, ambaye jicho lake huona kizibo cha chupa ndani ya majani akiwa hatua ishirini. Haioni kwa sababu sijampa sababu ya kuiona. Nami sijampa kwa sababu anayeninunulia mimi hajanipa.

Mwokotaji ni mfanyabiashara asiye na duka, basi mpigieni hesabu ya biashara. Chupa ya lita moja na nusu ikiwa tupu ina gramu kama 30, akiokota thelathini na kitu amepata kilo. Paketi ndogo ya sabuni ya unga ikiwa tupu haifiki hata gramu mbili. Kilo moja ni kuinama mara mia tano na zaidi, na kwa zile ndogo kabisa ni mara elfu. Hata ningempa bei ileile ya chupa, mgongo wake ungemkataza. Na akishaziokota zina mafuta, unga, chumvi, mchanga wa mtaroni. Nailoni nyembamba ikilowa hugandana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Kilo kumi za asubuhi ya mvua ukizianika hazirudi kumi. Ndiyo maana sisi wanunuzi hukata uzito, na ndiyo maana wapo waokotaji wanaochanganya mchanga kidogo kufidia tunachokata. Tunajuana.

Lakini uzito na uchafu ni shida za jasho, na jasho huku kwetu lipo. Shida ya tatu jasho haliiwezi. Nitakaa hapo kidogo, mnivumilie.

Nailoni ya kawaida, ile laini ya kufungia mkate, ni polithini. Ukiigusisha moto inanuka mshumaa, ukiitia kwenye ndoo ya maji inaelea, na mashine huiyeyusha kwenye nyuzijoto 110 hadi 130. Ile inayopiga kelele ukiifinya, kama ya paketi nyingi za biskuti, ni polipropilini. Nayo inaelea, ila inataka nyuzijoto 160 hivi. PET, ambayo ndiyo plastiki ya chupa na pia ni tabaka la juu la paketi nyingi zinazong'aa, huzama, na haiyeyuki mpaka ufike 250. Kila moja ikiwa peke yake ni mali. Fundi yeyote wa mashine hapa mtaani ataifanyia kazi.

Sasa chukueni paketi ya kahawa au ya maziwa ya unga. Nje ni PET iliyopigwa chapa, katikati alumini, ndani polithini, vyote vimebandikwa kwa gundi kwa namna ambayo hakuna kucha wala kisu kitakachovitenganisha. Ukiitia kwenye joto la polithini, PET haiyeyuki na alumini haina habari. Kinachotoka mashineni ni ugali wa mtu mwenye haraka, mabonge matupu. Ukipandisha joto uifuate PET, polithini inaungua, moshi unajaa kibandani. Chujio linaziba, fundi anaitwa, umeme umelipiwa, siku imekwisha. Jirani yangu alijaribu mara mbili. Mara ya pili tulipasua bonge lililoganda ndani kwa tindo.

Tumejifundisha vipimo vyetu. Tunaifinya paketi ngumini kisha tunaiachia: ikibaki imekunjamana, ina karatasi ya alumini kamili, ikifumuka yenyewe, ni plastiki iliyopakwa utando tu. Halafu ndoo ya maji, halafu kiberiti. Hatupimi hivyo kwa kupenda. Paketi nyingi zinazofika mikononi mwangu zina picha ya mama anayetabasamu, zina bahati nasibu ya kukwangua, zina tarehe ya mwisho wa matumizi, na zina kile kimchoro cha mtu anayetupa taka kwenye pipa, kana kwamba pipa lipo. Zimetengenezwa na nini, haisemwi.

Ombi langu kubwa linatoka hapo. Wekeni kiwango kwamba bidhaa kavu za kila siku, yaani sukari, chumvi, mchele, unga, sabuni ya unga, biskuti za kawaida, zifungwe kwenye plastiki ya aina moja, polithini tupu au polipropilini tupu, na jina la plastiki hiyo lichapishwe kwenye paketi kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama juani. Chumvi adui yake ni unyevu, na polithini peke yake inazuia unyevu vizuri. Kahawa, maziwa ya unga na dawa zina sababu ya kukaa nyuma ya alumini, maana hewa na mwanga huziharibu. Hizo ziacheni. Sukari ya robo inakimbia nini?

Msiambiwe haiwezekani. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni, namba 2025/40, inayotaka kila kifungashio kinachoingia sokoni kwao kiwe kinarejelezeka ifikapo 2030, na makampuni yanayouza huku na kule tayari yanabadilisha paketi za kule. Hofu yangu ni kwamba mitambo ya zamani ya kubandika tabaka tatu nne itatafuta pa kumalizia uzee, na sisi tuna historia ya kupokea mitumba. Wala kuweka kiwango si kazi ngeni kwenu. Mfuko mbadala, ule wa kubebea uliochukua nafasi ya rambo, mliuwekea gramu 70 kwa mita ya mraba, na wauzaji wakatii, kwa shingo upande, lakini wakatii.

Nimegusa mfuko mbadala, basi niseme la 2019. Siku ya Juni mosi mwaka ule mliondoa rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, na mliondoa kweli. Mimi nilipoteza sehemu ya mzigo wangu na bado nasema mlifanya vyema. Miti ya barabarani iliacha kuvaa nailoni. Lakini kanuni zilibakiza mlango kwa ajili ya vifungashio vya chakula, kilimo, ujenzi, dawa na viwanda. Mlango huo ulikuwa wa haki. Watu wakaupitia wote kwa pamoja: kifungashio kikawa kibebeo, nyanya zikabebwa kwenye nailoni nyeupe isiyo na mshikio, mpaka 2021 mkarudi tena kukataza vifungashio visigeuzwe vibebeo. Mpaka leo mgambo wa soko anamfukuza mama wa nyanya, na kile kifungashio chenyewe hakijaulizwa kimetengenezwa kwa plastiki gani, na kitakwenda wapi. Na ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, wasiojua wajue, ni polipropilini. Ni plastiki iliyovaa kanzu.

Kuna wanaosema, basi pigeni marufuku paketi zote kama viroba vya pombe. Ni kweli viroba viliondoka. Machi mosi 2017 ilifika, pombe kali ikarudi kwenye chupa, na ile nailoni ndogo iliyokuwa imetapakaa kila kituo cha daladala ikapungua. Lakini pombe haikuwa mahitaji. Sabuni ya unga ya kufulia nguo za mtoto leo ni mahitaji. Anayeishi kwa siku hununua kwa siku, na akiingia dukani kwa Mangi na mia mbili anataka cha mia mbili. Mkifuta paketi ndogo bila kuweka kitu mahali pake mtakuwa mmemfuta yeye. Mimi nataka paketi ibaki na ipewe bei.

Bei itoke wapi? Itoke kwa aliyeipiga chapa. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria ya taka mwaka 2022 inayomtaka mzalishaji awajibike na bidhaa yake hata ikishakuwa taka. India mwaka huohuo ilitenganisha kabisa plastiki ngumu, plastiki laini na zile za tabaka mchanganyiko, kila kundi na wajibu wake, jambo ambalo naliona la busara kwa sababu ukimwachia mwenye kiwanda achague, ataokota chupa tu aseme amemaliza. Ila India ina funzo la pili. Walilipana kwa vyeti vya kuthibitisha kwamba plastiki imerejelezwa, na wakaguzi wao wenyewe baadaye wakakuta vyeti vya uongo kwa malaki. Plastiki ilirejelezwa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nawaomba msianze na vyeti. Anzeni na mizani. Kila kilo ya kifungashio laini inayotoka kiwandani au kuingia bandarini ilipiwe tozo, ndogo kwa plastiki ya aina moja, kubwa kwa zile za tabaka zilizobandikwa. Fedha hiyo ije iongezee bei hapa chini, kwa kilo iliyopimwa, ikaoshwa, ikasagwa na kuuzwa kwa mtu mwenye risiti. Msiitumbukize kwenye kapu kuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilianzisha mfuko wa dhamana ya mazingira, nayo haikuuanzisha uwe pambo. Mkaguzi aje na mizani yake kama hamuamini yangu. Akikuta mchanga, akate.

Nimewaza sana pia juu ya nani atanunua kilichosagwa, maana bei ya kuongezewa bila mnunuzi ni sadaka, na sadaka huisha mradi ukiisha. Nailoni iliyorejelezwa haifai kugusa chakula. Inatoka na rangi ya majivu au nyeusi, na harufu ya sabuni haitoki yote. Sasa kuna kitu gani cha nailoni, cheusi, ambacho hakuna anayekinusa? Kiriba cha mche. Nailoni ya kutandika chini ya zege. Bomba jeusi la shambani. Ninyi wenyewe mmeziagiza halmashauri zipande miti milioni 1.5 kwa mwaka kila moja. Miche hiyo haioteshwi viganjani, inaoteshwa kwenye viriba, na viriba vinanunuliwa kwa fedha ya umma. Andikeni kwenye zabuni sentensi moja, kwamba nusu ya nailoni ya kiriba iwe imerejelezwa nchini. Nusu tu. Mwenye mashine pale Vingunguti akiona zabuni hiyo ya miaka mitatu mfululizo atakwenda benki kukopea beseni la kuoshea na mashine ya kukaushia, vitu ambavyo leo hakuna mwenye akili atakopea. Na vile viriba vikichanwa siku ya kupanda, visiachwe shimoni. Virudi.

Kuhusu uchafu, dawa yake iko dukani. Tangu zamani chupa ya soda ya kioo haitoki dukani bila kuacha chupa nyingine au fedha ya chupa, na hata mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Pale pale pembeni ya kaunta paninginizwe salfeti. Anayekuja kununua sabuni aje na paketi tupu alizozikung'uta nyumbani, apewe pipi, au apunguziwe hamsini akifikisha idadi. Gari la kiwanda linaloshusha mzigo mpya liondoke na salfeti badala ya kurudi tupu, kama linavyoondoka na makreti. Paketi ambayo haijafika mtaroni ni safi kuliko yoyote nitakayoiosha mimi. Leo hiyo paketi safi inakwenda wapi? Jikoni. Inawashia mkaa, mama ameinamia jiko na mtoto yuko mgongoni, na mwenye nyumba akisema unanuka anaambiwa ni dakika mbili tu. Isiyokwenda jikoni inakwenda chooni, na waulizeni wenye magari ya kunyonya majitaka ni nini kinachowazibia mpira.

Yapo mambo matatu ambayo nawaomba msiniletee.

Msiniletee nailoni "inayooza". Ile inayotiwa kemikali ili imeguke haiozi, inakuwa vipande vidogo visivyookoteka, na ikichanganyika na nailoni yangu nzuri inaidhoofisha yote. Ulaya waliipiga marufuku tangu 2021. Huku bado kuna watu wanaipigia chapa ya jani la kijani.

Msiniletee Jumamosi ya usafi peke yake. Naziheshimu. Lakini nimewaona vijana wenye fulana mpya wakizoa mtaro mzima, chupa, paketi, pampasi, makombo, wakatia vyote kwenye mfuko mmoja, wakapiga picha, na gari likaupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Vitu vilivyokuwa vimetengana mtaroni vikaunganishwa kwa hiari.

Na la tatu ni matofali. Kila kongamano kuna mtu anayeonyesha tofali la mchanga na nailoni, na wageni wanalipiga kwa nyundo halivunjiki. Lina kazi yake, silichukii. Ila tofali linameza kila kitu, na kwa sababu hiyo linampa mwenye kiwanda ruhusa ya kuendelea kubandika alumini na PET bila kuulizwa. Na pipa la kuyeyushia lisilo na bomba la moshi ni jiko lilelile la mkaa, limekuzwa. Kwa zile paketi za tabaka ambazo kweli hazina pa kwenda, tanuri la saruji lenye joto lipitalo nyuzijoto 1,400 ni afadhali kuliko mtaro. Ila kuchoma kuitwe kuchoma. Msikuandike kwenye ripoti kama urejelezaji.

Mwaka 2019 dau la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kuvikwa kandambili za rangi zote, lilisafiri kwa tanga mpaka Zanzibar. Nilipoziona picha nilicheka peke yangu. Hata kandambili imepata jahazi. Paketi haijapata ngalawa.

Yule mgeni wa wiki hii sikumrudisha na mzigo wake. Nilimpa nauli kutoka mfukoni, jambo ambalo kibiashara ni ujinga na mume wangu amenieleza hivyo. Salfeti yake iko nyuma ya mizani pamoja na nyingine kumi na moja za namna hiyo. Nimeshazichambua: saba ni polithini tupu, safi kiasi, zinasagika hata kesho kama yupo wa kununua. Tano ni zile zinazong'aa. Masika yakianza nitalazimika kuzihamisha, maana maji hupanda mpaka pale.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mizani,
Vingunguti.

Nakala: Wenye viwanda vya sabuni ya unga, chumvi, biskuti na majani ya chai. (Nimeziacha kwa walinzi getini. Mmoja alinisainia.)